Mwamuzi Aliyeita Mara Tatu

Mama zangu, dada zangu, na ninyi akina baba wawili mliojificha nyuma ya nguzo mkidhani siwaoni, tumsifu Mungu kwanza, halafu tutazamane. Nimeombwa niwape mfano mfupi. Mchungaji amesema nisizidishe. Nikizidisha mwambieni ni ulimi, si mimi.

Na kabla sijaanza: kijiji nitakachokitaja si hiki. Acheni kuhesabu mifereji. Mtu nitakayemsema sitamtaja jina, kwa hiyo asiwepo hapa wa kumgeukia mume wa jirani na kumkazia macho. Hayo mtayafanya nje, tukishatoka.

Palikuwa na mwanamume mmoja huko milimani, kazi yake kugawa maji. Chemchemi ya huko ni ndogo, inatoa maji kidogo kidogo kama mtoto anayejifunza kukojoa, kwa hiyo wazee walichimba bwawa juu ya kijiji yakusanyike humo. Chini ya bwawa kuna tundu, na tundu lina kizibo cha gogo. Kizibo kikichomolewa, maji yanateremka mferejini, yanapita kando ya uwanja wa mnada, yanakwenda mashambani, kila shamba kwa zamu yake. Mgawa maji ndiye anayechomoa, ndiye anayeziba. Mwingine yeyote akigusa kizibo kile ni mwiko, faini yake mbuzi. Waliweka hivyo ili watu wasiuane kwa majembe.

Tena kina ufundi wake. Kinachomolewa ukiwa umesimama ukingoni, kwa kamba, taratibu. Mtu akiingia majini akakivuta kwa mikono, tundu nalo linamvuta yeye. Hilo alilijua mgawa maji, kwa kuwa alifundishwa na baba yake. Wengine hawakufundishwa. Unamfundishaje mtu kitu ambacho ni mwiko kwake kukigusa?

Na kuna desturi moja nzuri sana, nisikilizeni hapa. Shamba la mgawa maji ndilo linalokunywa mwisho. Watu wote wanapata wiki nzima, yeye zamu yake ni Jumamosi, jua likiwa utosini. Wazee walikuwa na akili: akipunja, aanze kuumia yeye.

Sasa huyu bwana alikuwa na mapenzi yake mengine. Msitabasamu, si hayo mnayoyafikiria. Alipenda karata. Na hakupenda kucheza, alipenda kuamua. Yale mashindano ya kule mnadani, chini ya banda la mabati, watu wanne mezani, wawili wawili, na kijiji kizima kimewazunguka, yeye ndiye mwamuzi. Alivaa shati jeupe lililonyooshwa. Alipewa kiti chenye mgongo, na soda, na mtu wa kumpepea nzi.

Nasema ukweli wa Mungu, aliamua vizuri. Palikuwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, alijikuna sikio mara moja kumwashiria mwenziwe kwamba ana turufu. Mara moja tu! Mwamuzi akamwambia, "Shemeji, simama, nenda nyumbani."

"Mbu kaning'ata!"

"Huyo mbu aliona karata zako? Nyumbani!"

Watu wakapiga makofi mpaka kuku wakakimbia. Walimpenda kwa hilo. Hakujua ndugu, hakujua rafiki. Na sheria yake aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya zamu. Zamu yako ikifika anakuita, "Cheza!" Usipocheza anakuita tena. Usipocheza anakuita mara ya tatu, kisha anapiga meza na kusema, "Zamu imepita." Akishasema hivyo, hata ungekuwa umebeba ree zote nne mkononi, ungelia tu. "Zamu ya mtu ni haki ya mtu," alikuwa akisema, "na haki haichelewi."

Maneno mazuri, sivyo? Mngemchagua mzee wa kanisa.

Mashindano yakawa yanaanza saa ngapi? Jumamosi, mchana. Mmeanza kuelewa.

Jumamosi ya kwanza akasema moyoni, maji ya leo si ni yangu mwenyewe? Nikiacha kuyafungulia, nimemnyima nani? Sijamwibia mtu. Akashuka mnadani. Jumamosi ya pili vilevile. Wiki nzima aligawia watu maji yao bila kupunja hata tone, wakamsifu, na Jumamosi akajinyima yeye, wala hakuna aliyemlalamikia. Angelalamika nani? Mwenye shamba ni yeye.

Sasa nani alikuwa analima hilo shamba? Semeni tu. Mkewe.

Alikuwa mwanamke mpole, wa kucheka kwa pua. Akina mama wenzake walipomuuliza kisimani, "Hebu tuambie, mumeo Jumamosi anakwenda wapi akiwa ananukia hivyo?" alijibu, "Kwa mke mwenzangu. Bibi wa kopa." Wakacheka wote. Lakini mahindi hayakucheka. Mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu, na mnajua wenyewe, hindi likitoa ndevu bila maji linabaki gunzi tupu lenye meno mawili matatu, kama mimi. Majani yakajikunja. Ukipita shambani mchana uliyasikia yakikwaruzana bila upepo, kama watu wanaonong'ona, na ukisimama yananyamaza.

Basi ikafika Jumamosi ya fainali. Mwanamke amenyoosha shati. Alikuwa na kanga moja nyekundu, yenye alama ya kuungua kwa pasi kwenye pindo, siku moja mume alipomharakisha ampe shati lake na pasi ikaangukia huko. Hiyo ndiyo aliyojifunga. Akamfuata mpaka mlangoni.

"Baba watoto, leo chomoa kizibo kwanza, ndipo uende."

"Nikishachomoa lazima nikae nilinde, mama watoto. Maji yatamwagikia bondeni yote. Na fainali haingoji mtu."

"Na mahindi je, yanangoja?"

"Sisi ni wa mwisho. Unaijua desturi."

"Wa mwisho nimekubali," mwanamke akasema. "Lakini si bado nina zamu?"

Bwana yule akacheka, maana swali zuri hata likikuumiza linachekesha. Akamshika bega. "Nitarudi kabla jua halijapinduka."

"Jua likisimama nitakwenda ukingoni mwa bwawa nikuite. Sauti ya pale inashuka mpaka mnadani. Ukinisikia, njoo."

"Ita," akasema. "Nitakusikia."

Akashuka.

Jua la siku ile, mama zangu, lilikuwa lile ambalo bibi zetu walitukataza tusitoke nalo nje. Mnalijua. Lile linalosimama utosini mpaka kivuli chako kinajificha chini ya miguu yako kama kinaogopa kitu. Mbwa wamelala kimya. Jogoo hawiki. Pale bandani watu wamejaa, lakini hata wao, wakiongea, sauti zilikuwa zinaishia mdomoni.

Mezani walikuwa watatu. Wa nne alikuwa amechelewa, kiti chake kitupu. Mwenziwe akaomba, "Mwamuzi, yuko njiani, tumsubiri kidogo."

"Karata zake zigawiwe, ziwekwe mbele ya kiti chake," akasema mwamuzi. "Akiwahi zamu yake, atacheza. Sheria ni sheria."

Zikagawiwa. Mchezo ukaanza. Wa kwanza akacheza, wa pili akacheza, wa tatu akacheza. Mwamuzi akageuka kwa wa nne, na kile kiti kilikuwa na mtu.

Mwanamke. Amejifunika kanga kichwani mpaka usoni, ameinama. Mwamuzi hakuuliza ametoka wapi. Alifikiri yule mchelewaji ametuma dada yake. Na mwamuzi mzuri, kama alivyokuwa akijisifu, hatazami sura, anatazama mikono. Akatazama mikono. Ilikuwa imelowa. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye kiwiko, tone, tone, yanaangukia vumbi la mnadani, na vumbi halikuyanywa. Yalikusanyika pale chini, yakatulia, meusi.

Mkono ule wala haukugusa karata.

"Cheza!" akasema mwamuzi.

Mwanamke hakusogea. Ila mdomo wake ulitembea chini ya kanga, kama mtu anayeita kwa nguvu zake zote, na hakuna sauti iliyotoka.

"Cheza!" akasema mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu alihisi kama kuna sauti nyingine mbali huko inataka kuingia ndani ya sauti yake, na yeye hakupenda kuingiliwa akiwa kazini.

Mwanamke akainua mkono. Hakuuelekeza kwenye karata. Akaunyoosha juu ya meza, kiganja wazi, kumwelekea yeye. Ninyi mmewahi kuona mtu aliyeteleza ukingoni anavyonyoosha mkono? Hivyo.

Sasa niwaulize, ninyi mngefanyaje? Msinijibu haraka. Watu wote wamekutazama. Shati ni jeupe. Sheria umeitunga wewe. Ungeushika mkono ule?

"Cheza!" akaita mara ya tatu. Kisha akapiga meza. "Zamu imepita!"

Banda likalipuka kwa makofi. Mwamuzi wetu! Haki tupu! Na katika makofi yale, yule mwanamke aliuvuta mkono wake polepole, kama mtu aliyeomba chumvi akanyimwa, na pindo la kanga likapita juu ya meza. Jekundu. Lina alama ya kuungua kwa pasi.

Mwamuzi akapepesa macho. Kiti kilikuwa kitupu. Karata zimelala palepale zilipogawiwa, hata moja haijalowa.

"Alikuwa nani huyu aliyekaa hapa?" akauliza.

Watu wakatazamana. "Aliyekaa wapi, mwamuzi?"

"Hapa! Mwanamke!"

"Sisi tumekuona unakiita kiti," akasema mmoja, na akajaribu kucheka. "Tukajua ni sheria. Mchelewaji anaitwa mara tatu."

Kabla hajajibu, wote wakasikia maji.

Jumamosi, mama zangu. Mchana. Mfereji unaopita kando ya mnada, uliokuwa mkavu tangu asubuhi, ukaanza kunguruma kutoka juu, kisha maji yakatokea, yamebeba majani makavu mbele yake, yanakwenda mbio kama yametumwa. Mtu mmoja, katika wale wasioweza kujizuia, na kila kijiji kina wa kwake, hapa tunaye na anajijua, akauliza, "Mgawa maji si yupo hapa? Sasa kizibo kachomoa nani?"

Bwana yule akaitazama mikono yake. Ilikuwa mikavu.

Alikimbia. Kiti chenye mgongo kikaanguka, soda ikamwagika, karata zikapeperuka, wala hakujua. Alipanda ule mlima na shati lake jeupe akiwa anaita jina la mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu waoane hakuongeza "subiri" mbele wala nyuma.

Ukingoni mwa bwawa walikuwapo akina mama waliokuwa wakifua. Walikuwa wamesimama, hawafui. Chini, kwenye majani, kulikuwa na kitu kimefunikwa kanga nyekundu, na kanga inachuruzika. Mama mmoja mtu mzima akamwona anavyohema, akamwekea mkono kifuani.

"Polepole, shemeji," akamwambia. "Sasa huna unapochelewa."

Naye akauliza swali ambalo wanaume wote huuliza. "Mbona hakuniita?"

"Alikuita!" wakasema wote kwa pamoja. Yule mama akaendelea peke yake. "Alisimama pale kwenye jiwe akakuita. Na alipoita tu, tukakusikia na wewe huko chini unaita. Akaita tena, na wewe ukaita. Tukadhani mnajibizana. Tukamtania, tukamwambia, leo bwana anakuja, jipake mafuta. Akaita mara ya tatu, na wewe ukaita mara ya tatu. Halafu tukasikia makofi."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Wamempigia makofi. Hatakuja.' Akavua ndala zake, akaziweka vizuri, ile ya kushoto kushoto, ya kulia kulia. Tukamwambia, dada, ni mwiko, utatozwa mbuzi. Akasema mbuzi atalipwa kwa mahindi. Akaingia."

Mtaniuliza, sasa wewe bibi, kama alikuwa bado amesimama kwenye jiwe anaita, ni nani aliyekaa kwenye kiti amelowa? Alilowaje kabla hajaingia majini? Mimi sijui. Nami nimeshamuuliza Mungu, akanyamaza. Labda mtu anayengoja sana anatangulia.

Na mahindi? Ah. Maji yalifika shambani siku ile, yakajaza kila tuta, hakuna aliyekuwa na moyo wa kwenda kuyaziba. Mahindi yakanywa. Majani yakafunguka. Mwaka ule shamba la mgawa maji lilizaa kuliko yote milimani, mahindi mabichi makubwa, yamejaa meno mpaka nchani. Wakayarundika mlangoni kwake. Naye akakaa kizingitini akiyatazama, na ndani jiko limezimwa.

Wanasema mpaka leo anachomoa kizibo kila Jumamosi mchana, anakaa ukingoni mpaka maji yanakwisha. Wala mnadani haendi. Ila jua likisimama utosini, watu wanamsikia anaita, "Cheza." Taratibu, kama anambembeleza mtoto. Anaita mara nyingi sana. Hasemi tena kwamba zamu imepita.

Sasa tugeuke kwetu. Naona mmekaa wima, na wale wa nyuma ya nguzo wametoka.

Sisemi karata ni dhambi. Mchungaji atasema ya kwake, mimi nasema ya kwangu. Mtu aliyefanya kazi wiki nzima akitafuta kitu cha kumfurahisha roho, Mungu hamnyang'anyi. Huyu ana karata, yule ana mpira, huyu kwaya, yule vikao vya harusi za watu hata hajaalikwa. Mimi mchezo wangu mnaujua, sina haja ya kuutaja, una miguu na masikio na unapita nyumba kwa nyumba. Furaha si kosa. Lakini tazameni furaha yenu imekaa kwenye zamu ya nani.

Maana yule bwana hakuwa mwongo wala mvivu. Alikuwa mwaminifu kupita kiasi! Ila uaminifu wake wote aliupeleka pale palipo na makofi. Mezani, zamu ya mtu haikuchelewa hata kufumba na kufumbua. Nyumbani, zamu ya mtu ilikuwa "baadaye". Na sisi je? Si ndivyo tulivyo? Mgeni akisema "naomba maji" tunaruka. Mtoto wetu akisema "mama, nitazame" tunasema subiri. Tukikosa kikao cha wenzetu tunatuma udhuru tangu jana yake. Tukimkosa aliye ndani tunasema, huyu si ni wangu? Ataelewa. Tunamweka mwisho kwa kuwa yeye hatupigii kelele. Tunasema, nimemnyima nani, si nimejinyima mwenyewe?

Wewe si mali yako peke yako. Kuna mtu analima shamba lako. Unapolinyima maji, ni mgongo wake unaoungua.

Na tena huyo mtu ni mpole. Anacheka kwa pua. Anakunyooshea shati uende. Huwezi kujua ni mara ya ngapi anaita, kwa sababu na wewe unaita, una sauti kubwa, na watu wanakupigia makofi.

Sasa nyamazeni kidogo. Hata ninyi wenye watoto, wanyonyesheni wanyamaze. Ni saa sita hii, jua limesimama juu ya bati, mnalisikia bati linavyoalika kwa joto, ta, ta. Sikilizeni. Kuna mtu hapa anaitwa. Simjui ni nani, yeye anajijua.

Basi wewe usingoje nimalize. Usingoje wimbo, usingoje sala ya kufunga, usione haya kupita mbele ya watu. Nyanyuka uende. Mungu akiuliza umekwenda wapi, sisi tutamwambia.